Mtu wa Kupewa Figo

Kendi,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, maana mchana wa leo nimekuona ukila mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ukawashinda wajomba zako. Yangu ndiyo usiyoijua. Nimekaa hapa kibarazani na daftari la kwaya la mama yako. Wageni wametawanyika, nawe umemsindikiza shangazi yako hadi barabarani. Kwa jinsi ninyi wawili mnavyosimama kila hatua mkitembea, nina muda wa kutosha.

Habari za blanketi, dawa ya tumbo na nani wa kupigia simu ukifika Embu, mama yako ameshazisema mara tatu na kesho asubuhi atazisema mara ya nne. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo miaka kumi na minne, na kama usingeshika kisu leo, nadhani ningekaa nalo hadi kaburini.

Mbuzi alipoiva, wajomba walikupa kisu ugawe wewe, kwa kuwa safari ni yako. Nilifurahi. Unajua kwamba kwetu kila kipande cha mbuzi kina mwenyewe, na kwamba figo ni la watoto na wasichana. Mwanamume mzima akiwekewa figo mbele ya watu ameshaambiwa la kuambiwa, na hakuna aliyemtukana. Ukalikata figo, ukalipeleka hadi kwa binamu yako Mutwiri, aliyetoka uwanjani Jumapili kwa kubanwa na misuli, ukaliweka kwenye sahani yake. Ukasema, "Hili ni la mtu wa benchi. Sheria ya baba." Watu wakacheka hadi mjomba wako mkubwa akapaliwa. Mutwiri naye akacheka, kwa sababu angefanya nini?

Kisha mjomba akakuuliza utafanyaje huko uendako, maana timu utakayofundisha ni ya wasichana na figo ni haki yao. Nawe ukajibu bila hata kufikiri, "Basi nitatafuta kitu kingine cha kuwaaibisha."

Hapo ndipo nilipoinuka. Ulinifuata nyuma ya zizi ukaniuliza nina nini, nikakwambia ni moshi. Haukuwa moshi. Nilikuwa nimeshika lile goli la vyuma, lile ambalo maharagwe ya mama yako yamelipanda hadi juu, na nilikuwa naogopa kukutazama.

Unamkumbuka aliyekutengenezea goli hilo? Ulikuwa na miaka tisa. Njeru, fundi wa kuchomelea, beki wangu wa kati pale Kaaga, mjini Meru, kijana mrefu aliyekuwa akikubeba mabegani baada ya mazoezi. Alikusanya mabaki ya vyuma pale karakana, akalichomelea Jumamosi nzima, akalileta hapa Githongo akiwa amelibeba kichwani kutoka barabarani. Ulipouliza mbona haji tena, tulikwambia amerudi kwao. Hilo ni kweli, alirudi kwao. Kwao ni Manyatta, hukohuko Embu uendako, Kendi. Nyumba ya mama yake iko karibu na uwanja, na shule yako iko juu kidogo ya hapo. Utapita mbele ya lango lao kila siku ya Mungu. Ukijitambulisha kwa jina langu watakuangalia, na sitaki ujue sababu kutoka kwao.

Lazima nianzie mbali kidogo. Nivumilie.

Nilipokuwa kijana, mwenye duka mmoja hapa Githongo aliunganisha televisheni yake na betri ya gari ili watu watazame Kombe la Dunia. Tulijaa mle ndani tukinuka kahawa na jasho. Wenzangu wote walitazama wanaofunga mabao. Mimi nilimtazama beki mmoja wa Argentina. Jina lake sikulishika vizuri, na nilipojaribu kulitamka walinicheka wiki nzima. Aligongwa, akaanguka, akainuka bila kutupia benchi jicho. Nikasema moyoni, mimi nitakuwa yule. Miaka mingi baadaye nilisikia redioni kwamba naye alistaafu akawa kocha. Nimewahi kujiuliza kama na yeye, huko kwao, kuna lango asiloweza kupita mbele yake.

Nilianza na timu ya kiwanda cha kahawa. Kocha wetu alikuwa karani wa mizani, mtu mwenye sauti ndogo na macho ya mwewe. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilisikia kitu kikilia ndani ya goti la kushoto. Nikainua mkono, nikatoka. Tulishindwa. Jioni timu ilichinja mbuzi kama desturi, wazee wakaja, na babangu alikuwa miongoni mwao. Karani yule akagawa nyama kwa mkono wake. Akafika kwangu, akaniwekea figo.

Wenzangu waliinama wakicheka. Babangu alitazama sahani yangu, kisha akatazama migomba kama mtu anayehesabu mikungu. Tulitembea kurudi nyumbani, mimi nikichechemea nyuma yake, na tulipofika kwenye kijito akasema bila kugeuka, "Goti hupona." Ni hayo tu. Nilielewa kwamba kuna kitu kingine kisichopona, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa nacho usiku ule.

Sikutoka uwanjani tena. Nilicheza misimu sita Nairobi na goti lililovimba kama kiazi, nikidungwa sindano kabla ya mechi na nyingine wakati wa mapumziko. Watu wakaniita Kisiki. Nilipenda jina hilo kuliko jina la ubatizo. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa daktari aliponiambia kwamba ndani ya goti hakuna cha kurekebisha. Nikarudi nyumbani na mguu huu unaoujua, ule unaonizuia kupiga magoti kanisani, na badala ya kumchukia yule karani nilimsifu. Nilisema alinifanya mwanamume. Nilisema hivyo hata kwenye mazishi yake.

Unaona basi nilivyokuwa kichwa maji. Mtu aliyevunjiwa mguu kwa figo, akachukua figo lilelile akaenda kuwavunja wengine.

Pale Kaaga walinipa timu ya mafundi, wauza duka na walimu wawili. Nilikuwa kocha mzuri, na sikwambii ili unisifu. Nilijua kuwapanga mabeki wanne wakatembea kama wamefungwa kamba moja. Nilijua kumsoma mshambulizi kwa mabega yake. Niliwafundisha pia namna ya kunijibu. Mtu akianguka, mimi nitauliza kutoka kando ya uwanja, "Uko sawa?" Na jibu ni moja tu, "Niko sawa, Kocha." Walilijibu mazoezini kwa pamoja, hata wakiwa wazima, mpaka likawa kama wimbo. Na kila tuliposhinda mechi kubwa, tulichinja, nami niligawa. Aliyetoka uwanjani alipata figo.

Usidhani ilikuwa kazi bure. Ilifanya kazi. Msimu mzima hakuna beki wangu aliyeinua mkono kuomba kutoka, isipokuwa mmoja. Timu zenye wachezaji bora kuliko sisi zilichoka kutugonga. Aibu hufanya kazi upesi kuliko mazoezi, na hilo ndilo litakalokujia wewe pia ukiwa na wiki mbili tu kabla ya mechi na wasichana wako hawajui hata kurusha mpira. Utaliona pale karibu, rahisi, tayari. Litakuvuta.

Yule mmoja alikuwa Njeru. Alikanyagwa kifundo cha mguu, akajaribu kukimbia, akashindwa, akaketi akainua mkono. Nilimtoa. Tulishinda bila yeye, tukachinja, nikampelekea figo mbele ya wenzake na mbele ya mafundi wa karakana waliokuja kula. Alilila lote. Alitabasamu pia, alikuwa mtu wa tabasamu. Lakini nakumbuka alipoenda kunawa mikono alinawa kwa muda mrefu sana, na mimi nikamwona, nikajiambia, vizuri, limeingia.

Wiki mbili baadaye tulikwenda kucheza Manyatta, nyumbani kwao.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, na watu walikuja uwanjani wakiwa bado na nguo za kanisani. Njeru alinionyesha mama yake kabla ya mechi kuanza. Alikuwa mama mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani, amekaa kwenye kigoda alichokitoa nyumbani. Akanisalimia kwa mikono miwili, akaniambia ananishukuru kwa kumlelea mtoto mjini. Nikamwambia leo atamwona mtoto wake ni nani. Hayo ndiyo maneno niliyomwambia.

Kipindi cha pili tulikuwa tunaongoza moja bila. Ikapigwa kona. Njeru aliruka, mshambulizi wao akaruka, na vichwa vikagongana. Mlio ule niliusikia nikiwa upande wa pili wa uwanja. Yule wa Embu alishika kichwa akalia, wakamtoa, na nadhani ndiyo sababu bado ni mzima. Njeru alilala chini bila kutikisika, labda muda wa mtu kusema Baba Yetu. Kisha akainuka. Nikaita, "Uko sawa?" Hakujibu. Alianza kutembea kuja kwangu, taratibu, akipinda kidogo kushoto kama mtu anayefuata ukuta gizani.

Alifika kwenye mstari. Hakuuvuka, Kendi. Alisimama na vidole vya miguu kwenye chokaa, akaniangalia, macho yake yakatafuta uso wangu na yakachelewa kuupata. Akaniambia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeomba radhi, "Kocha, naona mpira mbili."

Nikamjibu, "Basi toa zote mbili."

Benchi lote likaangua kicheko. Lilikuwa jibu zuri, unajua. Jibu la kurudiwa mwaka mzima. Nilicheka mimi mwenyewe, kwa sauti, mkono kiunoni. Njeru alijaribu kucheka pia. Mdomo ulienda upande mmoja. Kisha akasema, "Niko sawa, Kocha," akageuka, akarudi.

Alicheza karibu dakika kumi zaidi. Nimeirudia mechi ile kichwani mara nyingi kuliko mechi zangu zote za Nairobi, na kila mara natafuta mahali ambapo ningemtoa, na kila mara napata mahali kumi. Alikuwa akisimama mahali sahihi. Mwili wake ulikuwa unajua kazi hata kama kichwa kilishaondoka. Mwishowe ukaja mpira wa juu, akaupiga kichwa, ukaenda mbali, mbali kabisa, hadi watu wa kwao wakampigia makofi. Akaketi. Kisha akalala kwa ubavu, kama mtoto anayelala baada ya kula. Mama yake alikuwa ameshasimama kwenye kigoda.

Tulishinda moja bila.

Walimpeleka hospitali kwa pikapu ya mtu wa maziwa. Mimi sikwenda nayo. Nilisema lazima nirudi Meru na timu. Na mbuzi alikuwa ameshanunuliwa, Kendi, alikuwa akitungoja Kaaga amefungwa kwenye mti. Tulimchinja. Hatukuwa na furaha, lakini tulimchinja, kwa sababu hakuna aliyesema tusimchinje. Nami nikagawa. Nilitenga mbavu, kipande cha heshima, nikasema mbele ya wote kwamba hizi ni za Njeru kwa kuwa hakutoka. Wakaitikia kwa makofi. Nikazifunga kwenye gazeti nimpelekee kesho yake.

Kesho yake sikumpelekea. Simu ilikuja kwamba wanamfungua kichwa. Nikabaki na zile mbavu mkononi, na sikujua mtu hufanya nini na nyama ya namna hiyo. Nikazileta nyumbani. Mama yako akazipasha moto, na wewe ndiye uliyezila. Ulizila zote, ukalamba vidole, ukaniuliza tumeshinda ngapi. Huna kosa lolote, ulikuwa mtoto na nyama ilikuwa nyama. Lakini nilikaa kwenye kiti hikihiki nikikutazama, na tangu siku hiyo sijala mbavu. Mmezoea kusema ni meno.

Hakufa. Watu waliniambia nishukuru, nikashukuru. Mkono wa kulia haukurudi, na mguu wa kulia unaburutwa. Maneno yalirudi machache. Nilikwenda hospitali mara moja, nikamwona kupitia dirishani amefungwa kichwa chote, mama yake ameketi kando na kile kitambaa cha kijani mapajani, akikikunja na kukikunjua. Nikaondoka kabla hajainua macho.

Niliendelea kufundisha misimu miwili. Figo niliacha kuligawa, bila kusema kwa nini. Nilichogundua ni kwamba sikuhitaji tena figo. Hakuna mchezaji aliyeniambia anaumwa kuanzia siku ile. Mmoja alicheza mwezi mzima na mbavu iliyovunjika, na nilijua siku alipokohoa akazimia. Waliniona nikicheka, Kendi, basi wakajifunza kunificha. Nilipoacha ukocha nilisema ni goti. Kila kitu nilichowahi kukimbia, nimesema ni goti. Goti hili limebeba lawama nyingi kuliko uzito.

Tena kuna hili, ambalo labda ni baya zaidi. Hadithi ya figo niliendelea kuisimulia. Kwenye harusi, kwenye sherehe za Krismasi, hapa nyumbani nanyi mkiwa miguuni pangu. Nilisimulia la yule karani, na la mwalimu fulani mnene aliyelia alipopewa figo. Nilifanya sauti zao. La Njeru nililiruka. Ninyi mlicheka, nami nilipenda mcheke. Ndivyo ulivyojifunza. Hukujifunza kwa yule karani wala kwa Njeru, ulijifunza kwangu, jioni, nikiwa nimeshiba.

Miaka mitatu iliyopita nilishuka Embu kwa mazishi ya mtu niliyecheza naye. Makaburi yalikuwa upande wa Manyatta. Sikuwa nimepanga, lakini miguu ilinipeleka. Lango lao ni la chuma, lina maua ya kuchomelea, kazi ya Njeru mwenyewe kabla hajaumia. Mama yake alinitambua kabla sijasema jina. Amezeeka. Alinikaribisha, akaniletea chai na nduma, akanipangusia kiti.

Njeru alikuwa ameketi uani akichambua maharagwe kwa mkono mmoja. Aliponiona alijaribu kusimama. Nikamwambia aketi, hakuketi. Alijiinua kwa ile fimbo yake hadi akanyooka, mabega nyuma, kidevu juu, vile nilivyowafundisha. Akasema, "Niko sawa, Kocha."

Mama yake akaniambia hivyo ndivyo anavyojibu kila kitu. Ukimwuliza kama amekula, yuko sawa. Akiungua na uji, yuko sawa. Mwaka uliotangulia aliumwa jino hadi shavu likavimba, na kila alipoulizwa alikuwa sawa. Alinisimulia hayo kama mama anayesimulia ukaidi wa mtoto, kwa kicheko kidogo. Hakujua aliyempa maneno hayo ndiye anayekunywa chai yake.

Kisha akakaa mbele yangu. Akasema kuna kitu ametaka kuniuliza miaka yote hii. Alisema yeye hajui mpira, lakini siku ile alimwona mtoto wake akija kwangu baada ya kugongwa. Aliona midomo yake ikisema kitu. Aliniona mimi nikicheka.

"Mwalimu, alikuambia nini?"

Nilikuwa na nduma mdomoni. Nikaimeza. Nikamwambia, "Aliomba maji."

Akafikiri. Akauliza, "Na ulimpa?"

"Nilimpa."

Akafumba macho akavuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetua mzigo. Akasema, "Basi alikunywa," mara mbili, kama mtu anayejiambia. Akanishukuru. Alisema amekuwa akifikiri mengi, na sasa anajua angalau alianguka akiwa ameshapewa maji. Alinifungia ndizi za kumletea mama yako. Ulizila hizo pia, zilikuwa zile fupi tamu, ukaniuliza nimezitoa wapi.

Mama yako anajua Njeru aliumia akinichezea. Hajui alichoniambia wala nilichomjibu. Utakapoisoma barua hii utakuwa mtu wa kwanza. Nilimwuliza mama yako juzi, kwa mbali, kama ni vizuri kumpokonya mtu uongo unaomsaidia kulala. Yeye alidhani nazungumzia mambo ya kanisa. Akasema mwache mtu alale. Nimejificha nyuma ya neno hilo siku tatu. Ni ukuta mzuri, karibu uzuri wa goti. Lakini mama Njeru hakuniomba usingizi. Aliniomba jibu, nami nilikuwa nalo.

Sasa wewe. Sina sheria ya kukupa, nimeshaona sheria zangu zinafanya nini mikononi mwa watu. Nitakwambia tu ninachokiona nikifunga macho. Utakuwa umesimama kando ya uwanja, wasichana wako wanaongoza moja bila, watu wanapiga kelele, na mmoja atakuja kwenye mstari akuambie kitu cha kipuuzi. Kitakuwa cha kipuuzi kweli. Anaona mipira miwili, au anasikia nzi, au amesahau ni siku gani. Na wewe ni mwanangu, una mdomo wangu, jibu tamu litakujia kabla hajamaliza. Benchi litakuwa limeshafungua midomo likisubiri kucheka. Siwezi kukwambia ufanye nini wakati huo. Natamani tu uwe unajua kwamba huyo mtoto ametembea mbali sana kufika hapo kwenye mstari, kupita aibu yake yote, na kwamba hatatembea safari hiyo mara ya pili.

Kesho asubuhi mwombe Mutwiri msamaha kabla hujaondoka. Atasema hakuna shida, yuko sawa. Usimwamini.

Kuhusu lile lango la maua, sikutumi. Usiende kunisemea. Usipeleke sukari wala salamu zangu. Ukikutana na mama Njeru na akakuuliza wewe ni wa nani, mwambie, usinifiche. Akianza kukusifia kocha aliyempa mtoto wake maji, nyamaza tu. Najua ninakubebesha mzigo kwa kukuomba unyamaze hata siku hizo chache, na naumia kwa hilo, lakini jibu lile linatakiwa litoke kwenye mdomo uleule uliodanganya.

Nitashuka Jumamosi ya kwanza baada ya wewe kuripoti. Nitaketi kwenye kile kiti alichonipangusia, na nitamwambia mtoto wake alisema anaona mipira miwili, na mimi nikacheka, na maji hakuomba wala sikumpa. Sijui atafanya nini. Anaweza kunifukuza, au kulia, au, ambalo ndilo ninaloliogopa zaidi, kuniletea chai. Njeru atakuwa pale uani akisema yuko sawa. Baada ya hapo nitapanda hadi shuleni kwako, kama utapenda kuniona.

Sauti zenu nazisikia pale kwenye kona, umerudi na shangazi yako tena, nadhani amesahau kitu. Barua hii nitaitia ndani ya kiatu chako cha mpira cha kushoto, maana najua kesho alfajiri utakivaa kabla ya kugusa begi lolote. Nimeandika ili nisiwe na pa kurudi nyuma. Nimekuwa beki maisha yangu yote, na kurudi nyuma ndicho ninachokijua vizuri kuliko vyote.

Kwa hivyo Jumamosi hiyo unitazamie barabarani. Jua likizama na sijafika, na watu wakakuuliza mbona mzee wako hakuja, usiwaambie ni goti.

Babako